Kifurushi cha Unga na Swali Moja

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Uvira, Kivu Kusini, na mkazi wa Albert Park, Durban. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wanawake wenzangu wanaobeba mimba ugenini, na kwa ajili ya kila anayepanga misaada janga linapoingia.

Afrika Kusini ilipofungwa kwa sababu ya korona usiku wa kuamkia 27 Machi 2020, mimba yangu ilikuwa ya miezi sita. Mume wangu alikuwa akilinda magari karibu na ufukwe, kazi inayowalisha Wakongomani wengi hapa Durban. Mimi nilikuwa msusi. Ufukwe ukafungwa, saluni zikafungwa, na mwenye nyumba akaendelea kudai kodi yake.

Serikali iliongeza ruzuku ya watoto: randi 300 kwa kila mtoto mwezi Mei, kisha randi 500 kwa kila mlezi kuanzia Juni hadi Oktoba. Lakini ruzuku hiyo huanza mtoto akishazaliwa. Aliye tumboni hana fungu. Sisi wenye vibali vya waombaji hifadhi hatukuwa na haki nayo kabisa. Hata zile randi 350 za wasio na kazi hazikutuhusu, mpaka Kituo cha Scalabrini cha Cape Town kilipokwenda mahakamani, na mwezi Juni Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamua kwamba waombaji hifadhi nao wahesabiwe.

Kabla ya hukumu hiyo, tulikula kwa mikono ya watu. Gift of the Givers, shirika ambalo daktari Imtiaz Sooliman alilianzisha Pietermaritzburg mwaka 1992, lilisambaza vyakula nchini. Makanisa na misikiti ilichanga. Mtaani kwetu, akina mama wa kanisa walipita mlango kwa mlango wakiuliza nani ana mimba na nani ananyonyesha. Kifurushi changu kilikuwa na unga wa mahindi, maharage, mafuta, samaki wa kopo na sabuni. Chini yake walikuwa wameweka nepi, pedi na nguo za mtoto zilizovaliwa, zimefuliwa na kupigwa pasi, maana maduka ya nguo yalikuwa yamefungwa.

Aliyenikabidhi alikuwa mama wa Kizulu, muuguzi mstaafu, akiwa na dada mmoja Mrundi aliyemtafsiria. Nilishukuru, nikashika mlango nifunge. Mama yule akaniuliza, "Mwanangu, umeshaanza kliniki?"

Nikamweleza nilivyorudishwa. Nilikuwa nimefika dirishani, nikaambiwa kibali changu kimeisha muda, na nikitaka kupimwa nilipe. Wanangu wawili wa kwanza niliwazaa Uvira. Taratibu za hapa sikuzijua, na Kizulu changu kilikuwa cha sokoni. Nilirudi nyumbani, nchi ikafungwa.

Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kibali kikiisha, mimba haiishi." Akanieleza kwamba tangu mwaka 1994, chini ya Rais Mandela, wajawazito na watoto wa chini ya miaka sita hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, na kwamba Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003 imeliandika hilo: wajawazito, wanaonyonyesha na watoto hao, ilimradi hawana bima ya matibabu. Akaongeza kuwa kwenda hospitali kunaruhusiwa hata wakati huu wa kujifungia.

Asubuhi iliyofuata alikuja kunichukua. Teksi zilitembea kwa saa chache tu, zikiwa na abiria pungufu, kwa hiyo tuliondoka na giza. Dirishani alisimama kando yangu, akazungumza kwa upole na kwa uhakika. Nikaandikishwa. Nikapimwa damu, nikapimwa presha, nikapimwa mkojo. Presha ilikuwa juu sana, na mkojo ulikuwa na protini. Kule kuvimba miguu nilikokuita uchovu kulikuwa dalili ya hatari ya kifafa cha mimba.

Nililazwa, nikapewa dawa, na mwanangu akatolewa kwa upasuaji kabla ya siku zake. Mume wangu hakuruhusiwa kuingia. Nilimbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka uzito wake ulipotosha tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Leo anakimbia na wenzake.

Unga ule ulitushibisha, na sitausahau. Ila naamini kilichotuokoa mimi na mwanangu ni swali la mama yule na miguu yake iliyonisindikiza. Tangu hapo sikuweza kukaa tu. Nikajiunga na akina mama wale. Kazi yangu ni kuwatafuta wajawazito wanaozungumza Kiswahili, kuwauliza kuhusu kliniki, kwenda nao na kuwatafsiria.

Julai 2021, ghasia zilipoikumba Durban na maduka kuporwa, maziwa ya watoto na nepi viliadimika upya. Tulikuwa na majina na namba za simu za akina mama wetu, Wazulu kwa wageni. Tulijua nani amekaribia kujifungua, nani ana kichanga, nani hana wa kumsindikiza. Tuligawana kidogo kilichokuwapo tukijua mlango wa kubisha.

Ndugu zangu mnaoendesha misaada, vifurushi msiviache. Lakini katika bajeti wekeni nauli ya kliniki na posho ya mkalimani, na asigawe mtu chakula kwa mjamzito bila kumuuliza kama ameanza kliniki. Nawe dada uliyerudishwa dirishani, usikae na mimba yako ndani. Nenda tena, na usiende peke yako. Ukiwa Albert Park, ulizia akina mama wa kanisa. Mmoja wetu atakwenda nawe.