Chozi wa Ras Kisimani

Aendaye Ras Kisimani, katika ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Mafia, kwa kawaida huenda kuangalia magofu. Palikuwa hapo na mji wa zamani wa Waislamu, nao Bwana Neville Chittick aliuchimba akautolea kitabu mwaka 1961. Sehemu kubwa ya mji huo imekwisha kuliwa na bahari, na maji yakitoka vigae vya vyungu huonekana vimetapakaa mchangani. Sisi nasi mara ya kwanza tulikwenda kwa ajili ya magofu, lakini tangu hapo twarudi kwa ajili ya ndege.

Ndege huyo ni chozi, mdogo mno, mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Dume akikaa kivulini utamdhani mweusi. Jua likimpiga, kichwa na mgongo humeta kijani, na ukanda wa zambarau hupita kifuani. Wajuzi wasema kijani kile si rangi iliyotiwa katika nyoya, bali ni umbo la nyoya lenyewe livunjalo nuru, ndiyo maana hutoweka ageukapo. Jike hakupewa mapambo hayo, lakini yeye ndiye fundi: hufuma kiota kwa majani makavu na utando wa buibui, kikaning'inia kama kifuko chenye mlango ubavuni. Karara la mnazi likipasuka, chozi huja kunyonya maua yake huku akiimba mbiombio, kama watoto wa chuoni wanaokimbilia mwisho wa juzuu.

Hapa yatupasa kukiri jambo. Tulipokuwa wadogo tulimnasa chozi mmoja kwa ulimbo, tukamtia katika tundu la njiti za makuti, tukamwekea maji na mchele. Asubuhi tulimkuta amekufa. Tulidhani ameuawa na huzuni. Kumbe chozi hali mchele, chakula chake ni asali ya maua na vidudu vidogo. Tulimwua kwa njaa, na sahani imejaa mbele yake.

Basi siku moja, mwisho wa kusi, tulikwenda Kisimani pamoja na wanafunzi, tukakuta kiota katika kijiti kilichoota ukingoni kabisa, mizizi yake iko nje, na chini yake ni bahari. Ndani mlikuwa na makinda mawili. Bamvua lilibakia siku tatu. Mwanafunzi mkubwa akasema, "Maalim, tukikate kitawi tukakifunge ndani kwenye mnazi." Mwingine akamkumbusha ile Hadithi ya Abu Daud, ya ndege aliyechukuliwa makinda yake safarini, akaja akitandaza mbawa, na Mtume (S.A.W.) akaamuru arudishiwe. Mkubwa akajibu kwamba wale walichukua, na sisi twataka kuokoa. Kwa hakika jawabu lake lilikuwa na nguvu, nasi tulisita kwa muda mrefu kuliko impasavyo mwalimu. Mwisho tulikataa, kwa kuchelea jike asije akakisusa kiota kilichohamishwa. Watoto wakajaza magogo na makumbi chini ya ukingo, ijapokuwa kila mmoja alijua bahari haizuiliki kwa makumbi.

Bamvua lilipopita tulirudi. Magogo hayakuwapo, na ukingo umepungua hatua nzima. Kijiti kilikuwa kimeinama juu ya maji, na kiota kingali kinaning'inia, kizima, kitupu. Wakatuuliza, "Wameruka, Maalim, au wameanguka?" Hatukuwa na la kuwajibu. Juu ya mnazi dume aliimba, na jike hatukumwona.

Yule mkubwa akaomba ruhusa akichukue kiota, nasi tukampa. Kimetundikwa dirishani pa chuo, juu ya ubao wa wadogo, na upepo ukivuma hupigapiga kwenye nondo.