Mifano Mitano Si Uthibitisho

Katika somo la mbinu za kufundisha hisabati tumezoea kuwahimiza wanachuo wawaongoze watoto kugundua kanuni kutokana na mifano. Njia hiyo ni njema. Hata hivyo ina mtego wake, nasi tulinaswa mbele ya darasa.

Siku hiyo tuliandika 2 ubaoni, tukaizidisha kwa yenyewe tukapata 4. Nayo 4 kwa yenyewe, 16. Halafu 256, na 65,536. Kila moja tukaiongezea 1, zikawa 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Tukatangaza kwamba itakuwa hivyo daima. Mwanachuo mmoja akasimama: "Samahani, Mkufunzi. Ile ya sita tumeipima?" Tukamwamuru akae, asitupotezee kipindi.

Jioni dhamiri ilitusuta, tukaitafuta ile ya sita vitabuni. Ni 4,294,967,297, namba ya tarakimu kumi. Tulikuta kwamba kosa letu ni la kale. Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria aliyekuwa bingwa wa hisabati, aliandika mwaka 1640 kwamba anaamini namba zote za namna hiyo ni tasa, ingawa alikiri kuwa hana uthibitisho kamili. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kwamba ile ya sita hugawanyika kwa 641. Baadaye alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za aina hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Ajuaye hilo hufika kwa majaribio matano tu!

Asubuhi tulimwomba radhi mwanachuo yule mbele ya wenzake, tukampa chaki azidishe 6,700,417 kwa 641. Mara 600 akapata 4,020,250,200. Mara 40, 268,016,680. Mara 1, 6,700,417. Alipojumlisha, ikatokea 4,294,967,297 kamili. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mtoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Tena, hadi leo haijapatikana nyingine iliyo tasa baada ya zile tano za mwanzo.

Walimu watarajiwa, endeleeni kutumia mifano, kwani ndiyo imwamshayo mtoto akakisia. Lakini akisha kukisia, mwulizeni: "Wajuaje kwamba itakuwa hivyo daima?" Na siku mtoto atakapowauliza ninyi swali hilo, msimkalishe. Mpeni chaki, mpime pamoja naye. Sisi tulichelewa usiku mmoja kufanya hivyo, na aliyeonewa katika usiku huo alikuwa ndiye mwenye haki.