Mokambo, Mpakani pa Viazi na Maradhi Yasiyoonekana

Msafiri aondokaye Lubumbashi akishika njia ya kusini-mashariki hufika ukingo wa nchi ya Kongo katika mji mdogo wa Mokambo. Ng'ambo ya kizuizi ni Zambia, na karibu hapo ni Mufulira, mji wa machimbo ya shaba. Mpaka huu ulipatanwa mwaka 1894 baina ya Waingereza na Mfalme Leopold, nao wafuata mgongo wa nchi ugawao maji. Mvua inyeshayo upande mmoja hushukia mto Kongo hata bahari ya Atlantiki. Ile ya upande wa pili huenda Kafue, kisha Zambezi, hata Bahari ya Hindi.

Lakini wanadamu hawagawanyiki kama maji. Walamba na Walala wakaa pande zote mbili, na ndugu huvuka kwa arusi, kwa matanga na kwa soko. Hapo pia yaanza barabara ya Pedicle, ikatayo ulimi wa nchi ya Kongo kwa kilometa kama 70, mpaka mto Luapula kule Chembe, ambako daraja lilifunguliwa mwaka 2008. Pamoja na watu hupita magunia, na ndani ya magunia mna viazi ulaya.

Hapo ndipo tutakapo wasomaji wetu watazame vema. Kiazi cha kula na kiazi cha mbegu hufanana kama mapacha. Mwenye shamba hununua vya kula kwa bei nafuu, hula vikubwa, vidogo huvipanda. Mama mmoja mwenye bustani bondeni alitueleza hivi: “Mwaka wa kwanza tulijaza magunia, mwaka wa tatu vikapu tu. Wazee wasema udongo umechoka.” Karo ya watoto ilikuwa imetegemea magunia hayo.

Udongo huweza kuchoka, ni kweli. Ila mara nyingi mkosaji ni mwingine. Zamani hata Ulaya walidhani kwamba aina ya viazi huzeeka kama mtu. Baadaye wataalamu waligundua kwamba ni virusi, vidudu visivyoonekana kwa darubini ya kawaida. Mwaka 1931 Kenneth Smith, wa Uingereza, alionyesha kwamba ugonjwa mmoja wa majani ya viazi ulitoka kwa virusi viwili, akaviita X na Y. Virusi Y huchukuliwa na vidukari, wale wadudu wadogo wafyonzao majani. Kidukari hupata maradhi kwa kuonja jani muda mfupi sana, akayapeleka kwenye mmea wa jirani. Virusi vya kukunja majani hukaa ndani ya kidukari maisha yake yote. Virusi X huenea kwa kugusana, kwa jembe, hata kwa nguo za mkulima.

Na kwa kuwa kiazi hupandwa kizima au vipande, mtoto hurithi ugonjwa wa mama. Mbaya zaidi, mmea huweza kuugua bila dalili yoyote. Kwa hiyo macho peke yake hayatoshi, ndiyo sababu ya kupima.

Mbegu iliyothibitishwa hukaguliwa kwanza shambani, na mimea yenye mawaa hung'olewa. Baada ya mavuno huchukuliwa viazi vichache vya kila shamba, huchipushwa, na utomvu wa majani hutiwa katika kisahani chenye vishimo 96 vilivyopakwa dawa ishikayo virusi vya namna moja. Pakiwa na ugonjwa, maji ya kishimo hugeuka manjano. Njia hiyo ilianza kutumiwa kwa mimea miaka ya 1970. Kabla yake, Morel na Martin wa Ufaransa walionyesha mwaka 1955 kwamba ncha changa kabisa ya chipukizi la kiazi kigonjwa huweza kuotesha mmea safi. Hivyo kazi moja husafisha, na nyingine huhakikisha.

Upande wa Kongo, kuthibitisha mbegu ni kazi ya SENASEM. Upande wa Zambia ni ya taasisi ya mbegu iliyoko Chilanga, karibu na Lusaka. Mbegu ivukayo mpaka yapaswa kuwa na hati ya afya ya mimea, kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1951. Karatasi hiyo si usumbufu wa serikali tu. Ni ulinzi wa shamba la jirani, maana kidukari hasimami kizuizini.

Je, asiyeweza kununua mbegu hiyo afanyeje? Kenya wakulima walifundishwa kuchomeka vijiti kando ya mimea yenye nguvu kabla haijachanua na kukauka, kuitazama tena baadaye, kisha kuchukua mbegu kwa hiyo tu. Mavuno yao yalizidi kwa theluthi hivi. Njia hii haiponyi kiazi, lakini huchelewesha hasara.

Basi, enyi wazazi wa mpakani, mkinunua kiazi cha kupanda, ulizeni kimetoka shamba gani na nani alikipima. Mkiwa na vijiti, anzeni msimu huu. Na kiazi cha mmea dhaifu, hata kikiwa kikubwa, kipelekeni chunguni, msikirudishe shambani.