Uvungu wa Trela

Wahenga walinena kuwa mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mjenzi wa trela ndogo ya kupigia kambi huinama mara nyingi kumshinda yule wa methali, maana mengi katika kazi yake huamuliwa na ile nafasi iliyopo kati ya chuma cha chini kabisa na ardhi. Aghalabu mafundi huitaja nafasi hiyo kwa maneno ya kigeni, ilhali neno lipo tangu jadi. Kitanda kina uvungu. Trela nayo ina wake.

Tazama trela yenye umbo la tone la chozi, iliyopata umaarufu nchini Marekani katika miaka ya 1930. Sanduku lake kwa kawaida lina upana wa futi 4, urefu wa futi 8 na kimo cha futi 4, vipimo vinavyooana na ubao wa plaiwudi. Watu wawili hulala ndani, hawasimami. Jiko liko nyuma, chini ya kifuniko. Ufupi huo si ufukara wa ubunifu. Trela hujificha nyuma ya gari isipigwe na upepo, na uzito wake hukaa karibu na ardhi, hivyo haipinduki ovyo penye kona.

Mashaka huzuka trela ya aina hiyo inapotakiwa kuiacha lami na kuandama njia ya mawe, mathalani ile iendayo Loiyangalani. Wazo la kwanza la mjenzi huwa ni kuliinua sanduku. Hapa ndipo wengi hujihadaa. Mtu akizihamisha springi kutoka chini ya ekseli na kuziweka juu yake, sanduku hupanda, lakini ekseli husalia palepale. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 60 huiweka ekseli sentimita 30 kutoka ardhini. Ikiwa ina unene wa sentimita 5, uvungu wake hauzidi sentimita 27.5, hata sanduku liinuliwe kufikia matawi ya miti. Kinachoinua ekseli hiyo iliyonyooka ni tairi kubwa zaidi, basi.

Isitoshe, kuinua kuna gharama. Pua ya trela ikielekea juu kuliko mkia, uzito huhamia nyuma, na trela ikikosa uzito wa kutosha mbele huanza kuyumba. Mwyumbo huo katika mwendo wa kasi umewahi kulitoa gari barabarani pamoja na waliomo. Ndiyo maana inashauriwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ilalie ndoana ya gari, na trela isimame sawasawa. Vipimo navyo vichukuliwe mizigo ikiwa ndani: lita 40 za maji ni kilo 40, na springi hazisahau.

Kuna pia suala la magoti, ambalo michoro mingi hulipuuza. Sakafu iliyo sentimita 45 kutoka ardhini humfaa mzee, kwani huketi kizingitini kama kitini kisha akageuza miguu. Ikifika sentimita 75, atahitaji kigoda cha kupandia. Kigoda hicho, safari ikianza, hufungwa uvunguni, nacho hula sehemu ya nafasi iliyotafutwa kwa jasho.