Mwendo, Mguu na Neno: Mwalimu Mmoja wa Chara

Kiswahili kimekitwika kitenzi "kwenda" mizigo mingi. Saa huenda, mambo huenda, biashara huenda au haiendi, na tabia ya mtu huitwa mwenendo. Ni vigumu kwa mzungumzaji wa lugha hii kueleza maisha bila ya kuazima kitu kutoka kwa miguu. Pengine ndiyo sababu mtu anapopungukiwa na uwezo wa kutembea, watu humwona kana kwamba mambo yake yote yamesimama. Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika eneo la Chara, upande wa Garsen, ameishi na dhana hiyo kwa miaka kadhaa, na maisha yake yana funzo kwa mwanafunzi wa tiba na kwa mwanafunzi wa lugha vilevile.

Chara imo katika delta ya Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000. Wapokomo hulima mpunga, migomba na miembe kandokando ya maji, nao Waorma huleta mifugo yao malishoni wakati wa kiangazi. Udongo wa huko ukikauka hupasuka nyufa, na ukilowa huteleza na kuung'ang'ania mguu. Mafuriko kama yale ya 1997 na 1998, au yale ya mwishoni mwa 2023, huifanya njia kuwa mkondo, na mtumbwi ukawa ndio mguu wa kila mtu. Mahali kama hapo kutembea si burudani. Ni kwenda shambani, kisimani, sokoni, matangani na darasani. Asiyetembea huhesabiwa kuwa hayupo.

Mwalimu huyu alikuwa na umri wa miaka 29 kandambili ya mguu wake wa kushoto ilipoanza kumvuka njiani bila yeye kuhisi. Watoto ndio waliokuwa wakimkimbilia: "Mwalimu, kiatu chako!" Baadaye jicho moja likaingia ukungu kwa muda wa wiki tatu, kisha likapona lenyewe. Akaambiwa ni malaria, akaambiwa ni upungufu wa damu. Mama mkwe wake alimshauri kwa upendo aende akasomewe, kwa kuwa jicho linalofumba na kufumbuka pasipo dawa si jambo la kawaida. Ilipita miaka minne kabla ya kusafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa, akapigwa picha za ubongo kwa mashine ya sumaku, na daktari akayataja maradhi kwa jina: maltipo sklerosisi.

Katika maradhi haya, kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Hushambulia mayelini, yaani utando unaozifunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo, mfano wa mpira unaofunika waya wa umeme. Utando ukichubuka, ujumbe kutoka ubongoni hadi mguuni huchelewa au hupotea njiani. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza maradhi haya kwa utaratibu mjini Paris mwaka 1868. Huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Huonekana kwa wingi katika nchi zilizo mbali na Ikweta, na kwa hiyo katika nchi zetu ni wachache wanaoyafikiria mgonjwa anapoingia mlangoni. Uchache huo ni faraja kwa wengi, lakini kwa aliyepatwa nayo ni upweke.

Hata hivyo, lililomuumiza mwalimu zaidi ya maradhi ni uvumi. Asubuhi na mapema alionekana akitembea bila ya kushika kitu. Ifikapo adhuhuri, jua la delta likiwa utosini, alihitaji kushikwa mkono ili avuke uwanja wa shule. Jioni upepo ukivuma, akatembea tena. Majirani wakajiuliza ni ugonjwa gani huo unaojua saa. Wapo waliosema anajisingizia ili akwepe vipindi vya mchana. Jibu la kitendawili hicho lilikwisha kupatikana zamani. Mwaka 1890, daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza jinsi wagonjwa wa aina hii walivyopungukiwa na nuru ya macho baada ya kujishughulisha kimwili, nayo ikarejea walipopumzika. Wataalamu wa baadaye walibainisha kwamba chanzo ni kupanda kwa joto la mwili: neva iliyochubuka hushindwa zaidi kupitisha ujumbe inapopata joto, na mwili ukipoa hurudia hali yake ya awali. Mwalimu hakuwa mwongo. Jua ndilo lililokuwa likimpokonya mguu na kumrudishia.

Kwa muda mrefu ujuzi huo uliwafanya madaktari wengi wawashauri wagonjwa wapumzike. Ushauri huo uliafikiana na huruma ya jamii. Kila alipoinuka, mwalimu aliambiwa, "Keti, mama, usijichoshe." Wifi yake alimchotea maji, watoto walimbebea madaftari, na shamba lake likalimwa na wengine. Yote hayo ni utu, na hakuna wa kuyalaumu. Lakini msuli usiotumiwa hudhoofu hata kwa mtu mzima wa afya. Katika miezi minane ya kukalishwa, mwalimu alipoteza nguvu ambazo maradhi yenyewe hayakuwa yamezigusa.

Mawazo ya wataalamu yalianza kubadilika kwa dhati mwaka 1996, watafiti wa Utah, Marekani, walipochapisha matokeo ya wagonjwa waliofanya mazoezi ya mwili kwa muda wa wiki 15: siha yao iliimarika, na uchovu wa maisha ya kila siku haukuongezeka kama ilivyohofiwa. Mwaka 2013 wataalamu wa Kanada walitoa mwongozo kwa watu wazima wenye ulemavu mdogo au wa wastani utokanao na maradhi haya: mazoezi ya kuchangamsha moyo kwa dakika 30 mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya kutia misuli nguvu mara mbili kwa wiki. Mazoezi hayaujengi upya utando uliochubuka. Huuwezesha mwili kukitumia vyema kile kilichosalia, na hilo si dogo.

Tabibu wa viungo alimpa mwalimu ratiba inayolingana na Chara. Kabla ya jua kupanda hutembea kutoka mwembe mmoja hadi mwingine, akapumzika kwenye benchi, kisha akarudi. Huketi na kuinuka kwenye kigoda mara kumi, mikono ikiwa kifuani. Hunyoosha misuli ya muundi akiwa ameegemea ukuta. Leso iliyochovywa katika maji ya mtungi huwekwa shingoni ili kupunguza joto. Mafuriko yanapoumeza uwanja, hushika nguzo ya nyumba na kupiga hatua papo hapo, huku binti yake akihesabu. Methali husema mwenda pole hajikwai. Mwalimu hujikwaa hata aendapo pole, na kwa hiyo amejifunza pia namna ya kuanguka bila ya kuvunjika na namna ya kuinuka bila ya kusubiri mtu.

Hospitalini uwezo wake hupimwa kwa kipimo cha Mmarekani John Kurtzke, kilichochapishwa kwa sura yake ya sasa mwaka 1983. Kipimo hicho huanzia 0 hadi 10. Anayehitaji mkongojo mmoja ili atembee mita 100 huwekwa kwenye 6. Asiyeweza kupita mita 5 hata akisaidiwa huwekwa kwenye 7. Ni kipimo chenye manufaa, lakini mita 100 za ukumbi wa hospitali si mita 100 za tope la Chara baada ya masika. Kwa hiyo mwalimu ana kipimo chake mwenyewe: mlangoni, mwembeni, darasani, mtoni, shambani. Kila kituo kina watu wanaomngoja.

Darasani ndiko neno lilikokutana na mguu. Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita, alipoombwa kutoa mfano wa nomino ya KI-VI, alisema "kiwete", kisha akainama kwa haya. Mwalimu hakumkemea. Aliliandika neno ubaoni pamoja na kijana, kiongozi na kinyozi, akawaomba watunge sentensi. Wote wakaandika "kiwete amefika", wala hakuna aliyeandika "kimefika". Akawaonyesha kwamba hata pale kiambishi kinapomweka mtu pamoja na viti na vikombe, upatanisho wa kisarufi humrudisha katika A-WA, miongoni mwa watu. Dharau haikuzaliwa na kiambishi peke yake, maana kiongozi naye anacho na hakuna anayemdharau. Hutiwa na kinywa cha msemaji. Kisha akawasomea maana ya Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Sheria imelitambua jambo ambalo wanaisimu hulisisitiza: jina ni tendo.

Maradhi hayajaondoka, na huenda mkongojo ukawa miwili siku za usoni. Mwalimu hafiki tena shambani kwa miguu. Mtoni hufika siku za baridi tu. Vipindi vyake vya Kiswahili vimehamishiwa asubuhi kwa makubaliano na walimu wenzake, na uvumi umepungua tangu alipowaeleza wazi habari ya jua na neva. Darasani hufika kila siku ya shule, akitanguliwa na mlio wa mkongojo sakafuni, na wanafunzi husimama kumwamkia kabla hajaingia.