Ziwa Si la Watalii Peke Yao

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, swali huwa lile lile katika nyumba nyingi za Kisumu: watoto watafanya nini? Wenye uwezo huwapeleka Mombasa. Sisi wengine huwaacha mbele ya televisheni, ilhali ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika liko hapa mlangoni petu.

Nililelewa na baba mvuvi. Kwake ziwa lilikuwa shamba, na mtu haendi shambani kucheza. Kila nilipomwomba anipakie mashuani alinijibu, "Mwanangu, maji hayana mzaha." Hivyo nilipita miaka thelathini bila kuuona mji wangu kutoka majini.

Likizo moja nilikata shauri. Tulianzia Hifadhi ya Swala ya Kisumu, iliyotengwa mwaka wa 1992, kisha tukashuka hadi Dunga, penye mafunjo yaliyojaa ndege. Nahodha mmoja alitaka kutupakia watu kumi kwa jaketi sita za kuelea. "Mama, upepo umetulia, na viboko wako hapo karibu tu," alinisihi. Kitinda mimba wangu alipoona nikirudi nyuma aliangua kilio. Sikutetereka. Tulingoja boti nyingine saa nzima juani, tukaondoka kila mmoja akiwa amefunga jaketi lake kifuani.

Viboko tuliwaona. Lakini kilichonigusa ni swali la kifungua mimba wangu, ufuo ulipobaki mbali nyuma yetu: "Mama, babu alikuwa akija huku usiku?" Nilipoitikia, alinyamaza kitambo kirefu, akiyatazama maji. Miaka yote nilimsimulia kazi ya babu yake, na siku hiyo ndiyo aliyoielewa.

Msomaji mpendwa, ukiamua kwenda, nenda asubuhi, kwani mchana upepo huvuma na mawimbi huinuka. Uliza kwanza kuhusu gugu maji, lile lililoisumbua ghuba yetu tangu miaka ya 1990. Huelea likisukumwa na upepo, na laweza kuiziba njia ya boti. Usiwaache watoto waoge ufuoni, kwa maana kichocho kingalipo. Na jaketi zikipungua, usipande, hata watoto wakilia.

Anayeogopa maji aende Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyobebana kando ya barabara ya Bondo. Mwenye akiba zaidi avuke hadi kisiwa cha Ndere, mbuga ya taifa tangu 1986, akawaone swala.

Sehemu ya Kenya katika ziwa hili ni kama asilimia 6 tu. Nyingine ni ya Tanzania na Uganda. Kwa watoto wetu, hiyo inatosha kabisa, mradi tuwapeleke.