Alfajiri Ngorongoro: Nani Aliyemla Nyumbu?

Tuliondoka Karatu saa 11 alfajiri, akina mama sita wa kikundi chetu pamoja na binti yangu wa miaka tisa. Ukipanga safari hii, dada yangu, usidharau baridi ya kule juu. Chukua koti na khanga mbili. Kutoka ukingoni hadi chini ya kreta ni kama mita 600, na njia ya kushukia ilitunyamazisha wote, hata wale waimbaji wetu.

Karibu na Ziwa Magadi tuliwakuta simba watatu wakila nyumbu. Pembeni fisi kama kumi walizunguka-zunguka.

"Muone fisi," nikamwambia binti yangu. "Mvivu, anangoja makombo." Ndivyo bibi yangu alivyonifundisha. Na ndilo jina ninalompa mwanangu mkubwa tangu amalize shule na kukaa nyumbani.

Dereva akacheka. "Mama, hebu watazame midomo."

Nikachukua darubini. Fisi walikuwa na damu iliyokauka hadi shingoni! Nyumbu yule waliua wao usiku, akasema, simba wakaja kuwanyang'anya.

Katika miaka ya 1960 mtafiti Mholanzi, Hans Kruuk, aliwafuata fisi wa kreta hii usiku kwa mbalamwezi. Aliona kwamba chakula chao kingi huwinda wenyewe, nyumbu na pundamilia, na simba wakisikia kelele huja kuwafukuza. Wageni haturuhusiwi kubaki chini usiku. Tunafika kumekucha, tunamkuta mnyang'anyi mezani na mwenye chakula mlangoni, halafu tunatoa hukumu. Si kwamba fisi haokoti mizoga. Huokota, na simba naye huwinda. Lakini uvivu? Hapana.

Mbele kidogo tulimwona fisi jike mlangoni mwa shimo lake, ananyonyesha watoto wawili. Hapa akina mama tulikaa sana. Humnyonyesha mtoto mwaka mzima na zaidi, na kwa kawaida hanyonyeshi wa mwenzake, kwa hiyo akifa yeye, wanawe wako hatarini kufa njaa. Katika ukoo jike ndiye mkubwa, na mtoto hurithi cheo cha mama. Mmoja wetu aliuliza kama ni kweli kila fisi ni dume na jike pia. Si kweli, maumbile ya nje ya jike yanafanana na ya dume, na kwa sababu hiyo uzazi wa kwanza humtesa sana, mara nyingi watoto hufa.

Tukiwa tunapanda kurudi, binti yangu akasema, "Basi mama, kaka usimwite fisi. Maji anachota yeye usiku yakitoka bombani, wewe umelala."

Nami siku zote nilidhani ni msichana wa kazi. Njia nzima hadi Karatu nilikuwa nahesabu ndoo.